Mwangwi wa Simu ya Upepo na Dawa Yake

Mtu akisimama katika bonde lenye magenge marefu na kumwita mwenzake kwa haraka, mwangwi huifuata sauti na kuyavuruga maneno. Mwenye busara hunena polepole, na baada ya kila neno hungoja kidogo mpaka mwangwi upite. Simu za mkononi nazo hufanya vivyo hivyo.

Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Yakitoka mlingotini, mengine huifikia simu moja kwa moja. Mengine hugonga kwanza mlima au majumba, yakachelewa. Wimbi lililozunguka kilomita 1 zaidi huchelewa sehemu 3.3 za milioni ya sekunde. Muda huo ni mdogo kwa mtu, lakini alama zikipelekwa moja moja, milioni 10 kwa sekunde, mwangwi wa kila alama huangukia alama ya 33 inayoifuata. Hapo habari huharibika, na mzazi anayeita gari la wagonjwa huenda asisikike.

Je, mlingoti uongezewe nguvu? La, maana mwangwi nao utapata nguvu. Dawa ni kuigawanya habari. Katika simu za 4G, njia yenye upana wa megahezi 20 hugawanywa kuwa vijia 1,200, mfano wa wachukuzi 1,200 waendao polepole, kila mmoja na mzigo mdogo. Kila alama hudumu sehemu 66.7 za milioni ya sekunde. Mbele yake huwekwa kipande cha akiba, kwa kawaida sehemu 4.7 hivi, ambacho simu hukitupa bila kukisoma. Mwangwi uliozunguka hata kilomita 1.4 zaidi huishia humo, nayo alama husomeka salama.

Hata hivyo, baadhi ya vijia hufifia, kwa kuwa mawimbi yanayokutana yaweza kuuana. Kwa hiyo habari huongezewa tarakimu za kusahihisha. Mwaka 1950 Richard Hamming, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, alichapisha njia ya kuitambua tarakimu iliyoharibika na kuirekebisha. Tangu hapo njia nyingine bora zaidi zimebuniwa.

Basi sauti ikikatika-katika bondeni, kupaza sauti hakufai kitu. Afadhali mtu asogee hatua moja au mbili, kwani mahali mawimbi yanapouana huwa padogo, na hatua chache zaweza kumtoa hapo.