Somo kwa Vikundi vya Wanachama: Jiko Banifu na Akiba ya Kaya

Katibu wa chama huandika kila shilingi ya chama katika daftari, lakini aghalabu hajui ni shilingi ngapi zinazoteketea jikoni mwake kila wiki. Katika mji wa Babati kuni na mkaa ni bidhaa za kununuliwa, na pale zisiponunuliwa hulipiwa kwa saa za akina mama na watoto waendao kuzitafuta. Misitu nayo si shamba lisilo na mwenyewe. Msitu wa Duru-Haitemba wilayani Babati ulikabidhiwa vijiji katika miaka ya 1990 ili wanavijiji wenyewe wautunze.

1. Joto hupotelea wapi?

Mafiga matatu yakiwa mahali pa wazi, sehemu kubwa ya joto huchukuliwa na upepo, nayo sufuria hupata sehemu ndogo tu. Jiko banifu huuzungushia moto ukuta wa udongo au matofali, hupunguza nafasi kati ya ukuta na sufuria, na huingiza hewa kwa kipimo. Likijengwa vizuri na kuwekewa bomba, huondoa pia moshi unaoumiza macho na vifua vya wapishi.

Lakini jiko peke yake halitoshi. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yaliyomo ndani yake kabla ya kuipikia kaya. Hazina budi kupasuliwa na kuanikwa mapema, kisha kuwekwa mahali pasiponyeshewa.

2. Maji yakichemka, moto upunguzwe

Babati imeinuka zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari; hivyo maji huchemka huko yakiwa katika nyuzi zipatazo 95, wala hayapiti hapo hata moto ukizidishwa. Kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke hutumia joto zaidi ya mara sita ya lile lililoyachemsha. Basi maharage na mahindi ya makande yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, na kuni zipunguzwe mara maji yachemkapo.

3. Hesabu ya mfano

Tuseme kaya hununua mizigo 3 ya kuni kwa wiki, kila mzigo shilingi 4,000. Gharama ni shilingi 12,000. Jiko jipya likipunguza kuni kwa theluthi moja, akiba ni shilingi 4,000 kwa wiki. Jiko la shilingi 40,000 litakuwa limejilipa baada ya wiki 10. Huu ni mfano tu. Kila kikundi kiweke bei za mahali pake.

4. Wajibu wa chama

Chama kisinunue majiko kwa maneno matamu ya muuzaji. Kaya chache zipime kuni zao kwa siku 7 katika mafiga, kisha siku 7 katika jiko jipya, zikipikia watu wale wale. Matokeo yasomwe mkutanoni. Yakiridhisha, kamati yaweza kuagiza kwa pamoja, na mikopo ilipwe baada ya mavuno. Jiko lenye nyufa lizibwe mapema, kwani likiachwa hurudisha hasara ya zamani.

Kipimo hicho hicho kifae kwa gesi na umeme. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Hata hivyo kaya haina budi kujua kwanza inatumia kiasi gani leo, ndipo ipime gharama ya mtungi.

Tahadhari: jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumbani kwa ajili ya kuota moto usiku wa baridi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Maswali ya majadiliano

(a) Kaya yako hutumia kiasi gani cha fedha, au saa ngapi, kupata kuni kwa wiki?
(b) Ni nani katika kaya anayebeba mzigo huo, na ni nani anayeamua kununua jiko?
(c) Akiba itakayopatikana itawekwa wapi ili isipotee?

Akiba haiozi.