Kinyago na Uso wa Mtu

(Somo la kujadiliana katika mikutano ya vijana na ya akina mama)

Ziko picha zinazotufundisha kuudharau uso tuliozaliwa nao. Katika somo hili twataka kujua jinsi zinavyofanya kazi hiyo, na jinsi wasanii wawezavyo kutusaidia tusidanganyike.

1. Siri ya kinyago.

Bagamoyo ni mji wa wasanii. Chuo cha sanaa kilianzishwa huko mwaka 1981, na tangu 2007 chaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Vijana hufundishwa humo ngoma, muziki, maigizo na sanaa za mikono. Tena, ukishuka kusini mpaka Dar es Salaam, utawakuta pale Mwenge wachongaji wa vinyago, na wengi wao asili yao ni Wamakonde.

Wamakonde tangu zamani huchonga kinyago cha kuvaliwa kichwani katika ngoma za jando. Mchongaji hukitia nywele za mtu, na chale huzifanya kwa nta. Kikiwa na uso wa mwanamke, mara nyingi hukitia ndonya katika mdomo wa juu. Watoto walipokiona walikimbia, wakidhani ni mzimu. Lakini kijana alipoingia jandoni alifunuliwa siri, ya kwamba ndani yake mna mtu. Tangu siku ile hakuogopa tena. Ndiyo maana ya mithali isemayo: Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

2. Vinyago visivyofunuliwa.

Siku hizi viko vinyago vingine, navyo ni picha za matangazo na za simu. Picha ya msichana hupita katika programu ya kurekebisha sura. Madoa huondolewa, ngozi hung'arishwa, pua hupunguzwa, kiuno hubanwa. Wala hauonekani mshono. Hata yule msichana mwenyewe hafanani na picha yake. Lakini binti aitazamaye huku kwetu hakufunuliwa siri hiyo, basi hujitazama katika kioo na kujiona ana upungufu.

Serikali ya Ufaransa iliona hatari hiyo. Tangu Oktoba 2017 tangazo la biashara lenye picha ya mwanamitindo ambaye umbo lake limekondeshwa au kunenepeshwa kwa mashine lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Hivyo sheria yamfunulia mtazamaji siri ya kinyago.

3. Hasara yake mwilini.

Hatusemi kwamba kujipamba ni kubaya. Watu wa pwani wana hina, wanja na liwa tangu kale. Mapambo hayo hufutika, na uso hubaki ni ule ule. Lakini mkorogo si pambo. Wengi huuchanganya kwa krimu zenye zebaki au haidrokwinoni, nazo huizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Rangi hiyo ndiyo ngao yetu juu ya jua kali. Tena zebaki haikai juu ya ngozi tu, huingia mwilini na kudhuru mafigo. Mama mjamzito aweza hata kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Katika nchi yetu vipodozi vyenye sumu hizo vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 kazi ya kuvikagua imekabidhiwa Shirika la Viwango. Mataifa nayo yalipatana huko Geneva mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe kufikia 2025. Lakini sheria hulinda mlango wa duka tu. Mwenye kuuchukia uso wake atatafuta njia ya nyuma. Kwa hiyo yatupasa kuanza na macho.

4. Picha hujibiwa kwa picha.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alikata picha za wanawake katika magazeti ya mitindo, akazichanganya na michoro ya vitabu vya uganga, akaunga vipande hivyo kuwa miili mipya. Mishono yake huonekana wazi. Mtazamaji hushtuka, kisha hutambua kwamba hata picha ya gazeti ni kitu kilichoungwa na watu.

Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba ziliwekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, katika nafasi zilizokuwa tupu tangu 1902. Ni wanawake walioketi kwa heshima, wenye visahani vinavyokumbusha mapambo ya midomo ya wanawake wa Afrika. Mapambo yale yale yaliyochekwa na wageni siku nyingi, hapo yalitukuzwa.

Basi, ndugu walimu, kazi yetu ni kama ya mzee wa jandoni. Tusiwanyang'anye vijana simu na kunyamaza. Tukae nao, tutazame pamoja nao, tuwafunulie. Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini mtu si mkakasi, wala uso wake si rangi iliyopakwa juu ya mti.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Chukueni picha moja ya tangazo. Nani ameitengeneza, naye auza nini?
(b) Kuna tofauti gani kati ya hina na mkorogo?
(c) Je, katika nyumba zetu tumepata kumsifu mtoto mmoja kwa weupe wake mbele ya mwenzake? Yule mwingine alijifunza nini?