Omleti ya Tuna Isiyotoa Maji

Umeshuka matatu ya 145 pale Ruiru, foleni ya Thika Road imekumaliza, na ukifika Gitothua hakuna mwenye nguvu ya kuchemsha maharagwe. Mayai yapo, kitunguu kipo, na kabatini kuna kopo la tuna. Dakika 15 zinatosha. Shida ni kwamba omleti ya tuna ya wengi hutoka imelowa, inateleza sahanini kama uji. Adui ni maji, na karibu kila kidokezo hapa kinamwandama yeye.

1. Nunua tuna ya bei ya chini. Vipande vikubwa ni vya saladi. Kwa omleti utavisaga tu, kwa hivyo chukua kopo la tuna iliyochambuliwa. Ya mafuta ina ladha kuliko ya maji ya chumvi, na mafuta yake yanafaa kukaangia kitunguu. Kopo lililofura liache hapo hapo dukani, hata likipunguzwa bei.

2. Kamua kwelikweli. Hapa ndipo watu huharakisha. Fungua kopo lakini usiutupe mfuniko. Ubonyeze juu ya samaki kwa vidole gumba viwili, inamisha kopo juu ya bakuli, subiri, kisha bonyeza tena. Awamu ya pili hutoa zaidi ya unavyodhani. Samaki akikamulika vizuri huvunjika kwa uma kama makombo, hashikani.

3. Mayai manne kwa kopo moja la gramu 170 hushibisha watu wawili. Vunja kila yai kwenye kikombe kwanza, maana yai viza moja linatosha kuharibu bakuli zima. Maziwa usitie. Najua nyumba nyingi hutia ili omleti ivimbe, lakini hapa unaongeza maji yale yale uliyotoka kuyakamua.

4. Nyanya itolewe mbegu. Ikate katikati, kwangua ute wote kwa kijiko, ubaki na nyama yake. Hoho nusu, kitunguu kimoja, pilipili kiasi chako. Dania iingie mwishoni kabisa. Mama mboga mwenye roho nzuri hukuongezea shada bila kukudai.

5. Chumvi isubiri. Tuna ya kopo ina chumvi tayari. Onja kwanza. Royco nayo ipumzike leo.

6. Moto wa meko uwe wa wastani. Kaanga kitunguu na hoho hadi vilainike, tia nyanya, halafu tuna. Koroga dakika moja hivi ili unyevu uliobaki ukauke. Usizidishe, kwani samaki wa kopo ameshaiva kiwandani. Ukimkaanga sana anakuwa mkavu kama maganda. Kisha mimina mayai uliyopiga, tikisa kikaango yasambae, na uache mwiko upumzike. Kingo zikishikamana na katikati kukiwa bado kunacheza kidogo, ni wakati wa kugeuza.

7. Kugeuza bila aibu: funika kikaango kwa sahani bapa, shika kwa kitambaa, pindua vyote kwa mkupuo mmoja, halafu itelezeshe omleti irudi kikaangoni upande wa pili. Nusu dakika, zima. Ikikatika, ikatekate kabisa uite mayai ya kuvuruga.

8. Fungua dirisha mapema. Kwenye bedsitter, harufu ya samaki hulala kitandani kabla yako.

9. Tuna iliyobaki usiiache koponi. Hamishia kwenye chombo chenye kifuniko, weka kwenye friji, na uimalize ndani ya siku mbili. Kama huna friji, pika kopo zima na mle yote. Tuna ikikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini, kitu kinachowasha ngozi, kuumiza kichwa na kumwendesha mtu chooni, na kuipika upya hakuiondoi. Hata Pwani, anakotoka jodari mbichi, wavuvi humtia kwenye barafu mapema kwa sababu hiyo hiyo. Sisi huku tulio karibu kilomita 500 kutoka baharini hatuna haja ya kubahatisha.

10. Kula na nini? Chapati ya moto, uikunje na omleti ndani, na Mganda yeyote ataitambua kwa jina la rolex. Mkate wa kuchoma unapita. Lakini kwa maoni yangu kinachoifaa zaidi ni ugali mdogo na sukuma wiki iliyokaangwa haraka. Kwa kinywaji, chai ndiyo mazoea, ingawa mji uliotoa kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985 ungeweza kujiheshimu kidogo na kutia kikombe cha kahawa, hasa omleti hii ikiliwa asubuhi ya Jumamosi wakati hakuna anayekimbilia steji.