Kutafuta Faili kwa Tarehe

Wengi wetu hupoteza kazi zetu katika kompyuta kwa kusahau majina tuliyozipa. Mimi ni mmoja wao, na katika toleo hili nataka kuwaeleza wenzangu jinsi ya kutafuta faili kwa tarehe.

Mwaka 2023 niliandika katika kompyuta ya shule maneno ya babu yangu: jinsi alivyokimbia Burundi mwaka 1972, akaletwa hapa Ulyankulu akafyeke pori. Mwaka uliofuata babu akafariki. Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, yalete yale maneno, yasomwe siku ya kumaliza matanga." Nikaitikia, wala sikukumbuka faili nililiitaje. Nilichokumbuka ni siku tu, kesho yake ya Nane Nane.

Basi fungua folda, utazame juu upande wa kulia, utaona kisanduku cha kutafutia. Andika humo datemodified: kisha tarehe, bila kuacha nafasi. Ukiwa na shaka ya siku, andika tarehe mbili na kuzitenga kwa vitone viwili, hivi: datemodified:07/08/2023..11/08/2023. Angalia lakini, kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani hutanguliza mwezi, na 07/08 kwake ni Julai 8. Tena usitegemee tarehe ya kuundwa kwa faili. Faili likinakiliwa katika diski nyingine huhesabiwa kuwa limezaliwa siku ile ya kunakiliwa, bali tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho hubaki ile ile.

Nilifanya hayo yote nisipate kitu. Mwalimu akaniuliza, "Saa ya kompyuta ile waiamini?"

Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, ambayo huendesha saa umeme unapokatika. Betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa. Kila umeme uliporudi, saa ilianza upya Januari 1, 2009, usiku wa manane. Nilipoitafuta tarehe hiyo yalitokea mafaili 31, kazi za watu mbalimbali, yote yakidai kuandikwa siku moja! Nikakumbuka kwamba siku ile umeme ulirudi nikaanza kazi mara moja, nikaandika kwa muda unaokaribia saa mbili. Nikatazama mafaili yaliyohifadhiwa kati ya saa saba na saa nane za usiku, yakawa matatu tu. La pili lilikuwa la babu.

Kosa hili halikuanza na kompyuta. Stanley alipopita njia hii ya misafara mwaka 1871, homa ilimpotezea hesabu ya siku. Aliandika kwamba alikutana na Livingstone kule Ujiji Novemba 10, lakini hesabu ya Livingstone ilikuwa nyingine, na wanahistoria wangali wakibishana. Hao nao walikuwa na shajara mkononi kila siku.

Maneno yalisomwa, bibi akasikiliza mpaka mwisho. Betri mpya imekwisha kutiwa. Faili lile nimelipa jina 2023-08-09-babu, mwaka ukitangulia, ili mafaili yajipange yenyewe kwa zamu hata saa ikidanganya tena.