Dondoo muhimu: Gugu linalojisokota bustanini

Wenye bustani Uingereza na Marekani wanalijua vizuri gugu hili, kitaalamu Convolvulus arvensis. Ni ndugu wa kiazi kitamu, na maua yake, meupe au ya waridi, yana umbo la tarumbeta kama ya matembele. Uzuri wake unaishia hapo. Shina hujizungusha kinyume cha saa kwenye mnyanya au mwaridi mpaka kuuinamisha.

Usilipitishie pawatila. Kipande cha mzizi cha sentimita 5 tu huchipua upya, hivyo kulikatakata ni kulizidisha. Legeza udongo kwa uma, fuata mzizi mweupe taratibu, na usiutupe kwenye mboji. Mizizi mingine hushuka mita kadhaa. Hiyo huwezi kuifikia. Dawa yake ni kukata kila chipukizi, wiki baada ya wiki, kwa miaka kadhaa, hadi akiba ya chakula mizizini iishe.

Anayetumia glaifoseti, dawa ya kuua magugu, achomeke fito, gugu lipande huko, kisha apake majani yake tu wakati linachanua.

Na mbegu? Hukaa ardhini zikiwa hai miaka 20 na zaidi. Wapo pia wanaolipiga vita kwa viumbe hai: jimbo la Colorado, Marekani, husambaza utitiri, Aceria malherbae, unaokunja na kudumaza majani ya gugu hili, ila kwenye bustani inayomwagiliwa haufui dafu.