SOMO: KUGAWANA MALI YA CHAMA KWA HAKI

Charles Kohler alizaliwa Ujerumani mwaka 1830, akahamia California, Marekani, mwaka 1853. Alikuwa mpiga muziki, si mkulima. Hata hivyo, mwaka 1854 yeye na mwenziwe John Frohling walianza biashara ya mvinyo kwa shamba la mizabibu huko Los Angeles.

Kwa kuhitaji zabibu nyingi zaidi, mwaka 1857 walisaidia kuanzisha chama cha Wajerumani wa San Francisco chenye hisa 50. Wengi wa wanachama walikuwa mafundi. Waliendelea na kazi zao mjini wakilipia hisa kidogo kidogo, huku msimamizi wao, George Hansen, akiwaongoza vibarua kuchimba mifereji na kupanda mizabibu katika ardhi ya chama ya eka 1,165, iliyoitwa Anaheim.

Mwaka 1859 mashamba ya eka 20 yaligawanywa kwa kura. Kwa kuwa thamani yake haikuwa sawa, aliyepata shamba bora aliongeza fedha, na aliyepata hafifu alifidiwa.

Kohler alifariki mwaka 1887. Katika miaka hiyo ya 1880 ugonjwa uliangamiza mizabibu ya Anaheim, na wakulima wakageukia michungwa.

Makatibu na wazingatie: kura peke yake haileti haki. Thamani ya kila fungu sharti ipimwe na kuandikwa kabla ya kugawa.