Nafasi Iliyopotea Usiku Mmoja: Kilichotokea Tulipopanga Upya Diski ya Ofisi



Wengi mmeniuliza kwa nini kompyuta yenu hubaki na nafasi ndogo zaidi baada ya kuipanga upya diski yake, wakati mlidhani mtaongeza nafasi. Nitajibu kwa yaliyonikuta mimi mwenyewe, ingawa sikutoka salama katika kisa hiki.

Kompyuta ya ofisi ya jumuiya mnaijua. Ni ile ya mezani iliyo karibu na dirisha, yenye Windows Vista ya Kifaransa na diski ngumu ya GB 160. Ndani yake mna orodha ya wanachama, barua, hesabu za mweka hazina, na darsa za Jumamosi zilizorekodiwa kwa video. Ilikuwa imechoka. Ukibonyeza kufungua barua ya ukurasa mmoja, uliweza kutoka kwenda kutia udhu ukarudi ukaikuta bado inazungusha kile kiduara. Amiri akaniomba, kwa kuwa nasoma informatiki, niitazame.

Nikatazama, nikaona vipande vya mafaili vimetawanyika diski nzima. Rafiki yangu alikuwa amenipa kwenye flashi programu ya bure ya kupanga upya diski, ya watu wengine, si ile inayokuja na Windows. Alhamisi baada ya Isha nikaandika kwenye karatasi nafasi iliyobaki, GB 14.2, nikaiwasha programu, nikafunga mlango nikaenda kulala. Ufunguo nilimwachia ndugu yetu mmoja wa mwaka wa kwanza, maana yeye alikuwa na ahadi ya kunakili darsa asubuhi kwa ajili ya akina dada. Jina lake silitaji.

Asubuhi nilikuta kazi imekwisha. Ramani ya rangi kwenye kioo ilikuwa safi kama mkeka uliokung'utwa. Lakini nafasi iliyobaki ilikuwa GB 5.1. GB 9 na ushei zimekwenda wapi?

Sikufikiri sana. Aliyekuwa na ufunguo ni mmoja. Nilimwuliza mbele ya watu wawili, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuuliza, ameweka filamu ngapi humo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, fungua utazame." Nilifungua. Hakukuwa na filamu. Badala ya kumwomba radhi palepale, nikamwambia labda amezificha. Alitoka, na wiki ile hakurudi ofisini.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe.

Kwanza tuondoe upotevu ambao si upotevu. Sanduku la diski liliandikwa GB 160, Windows ikaonyesha 149. Hakuna aliyeiba 11. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, na Windows huhesabu baiti 1,073,741,824 kwa jina hilohilo. Gawanya baiti bilioni 160 kwa namba hiyo, utapata 149. Tofauti hii ipo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo haiwezi kueleza jambo lililotokea usiku mmoja.

Hata lile faili kubwa ambalo Windows hutumia kama kumbukumbu ya ziada, na lile inalohifadhia hali ya kompyuta inapolazwa, hayaelezi. Ni makubwa kweli, lakini yalikuwapo Alhamisi na ukubwa wake haukubadilika Ijumaa.

Jumapili nilipotulia nilifanya nilichopaswa kukifanya kabla ya kufungua mdomo. Nikaonyesha mafaili yote, hata yaliyofichwa, nikachagua kila kitu kwenye diski nikajumlisha. Jumla ikawa GB 130.6. Lakini diski yenyewe ilidai kwamba zimetumika GB 143.9. Zaidi ya GB 13 zilikuwa zimetumika bila kuwa ndani ya faili lolote ninaloliona. Filamu, hata iliyofichwa, ingehesabiwa kwenye jumla ile. Hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho.

Kila diski ya Windows ina folda iitwayo System Volume Information. Huwezi kuiingia kwa kubonyeza tu, hata ukiwa mwenye kompyuta. Mfumo wenyewe ndio wenye ruhusa, na ndiyo maana ukijumlisha mafaili yake hayahesabiwi. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri kwa uwezo wa msimamizi, nikaandika: vssadmin list shadowstorage. Amri hii ni ileile katika Windows ya lugha yoyote. Ikanijibu kwa namba tatu: nafasi inayotumika GB 12.4, nafasi iliyotengwa GB 12.8, na kikomo GB 22.35, yaani asilimia 15 ya diski, ambayo ni kawaida ya Vista.

Nafasi ya nini? Ya nakala kivuli. Windows inapoweka alama ya kurejesha mfumo, hainakili diski nzima, maana ingejaa mara moja. Inatoa ahadi tu kwamba kuanzia sasa itaweza kukuonyesha diski ilivyokuwa wakati huu. Ahadi hiyo huitimiza kwa ujanja mmoja. Kila sehemu ya diski inapotaka kuandikwa juu yake, kilichokuwapo hunakiliwa kwanza kwenye ile folda iliyofungwa, ndipo kipya kiandikwe. Usipobadilisha kitu, ahadi haikugharimu chochote.

Chukua mfano wa kabati la juzuu msikitini. Baada ya khitma kila mtu amerudisha juzuu yake palipokuwa wazi: ya 7 iko chini ya ya 22, ya 3 imeangukia kabati la pili. Anayetaka kusoma kwa mfuatano anatembea huku na huko. Huko ndiko kutawanyika kwa vipande, na kwenye diski ngumu anayetembea ni kichwa kinachosoma, kitu cha chuma kinachosogea kwelikweli, ndiyo maana kompyuta inakuwa nzito. Kupanga upya ni kuzirudisha juzuu katika mfuatano wake, na kazi hiyo haiongezi wala kupunguza hata juzuu moja.

Lakini pembeni ya kabati amekaa karani. Jumapili iliyopita ameapa kwamba wakati wowote ataweza kuonyesha rafu zilivyokuwa Jumapili. Wewe unapoweka juzuu ya 4 mahali palipokuwa na ya 19, karani haulizi kama ile ya 19 imetupwa au imehamishiwa rafu ya juu. Anaona tu kwamba mahali pale pamebadilika, naye anatoa fotokopi ya ya 19 na kuiweka kwenye sanduku lake. Ukizipanga upya zote thelathini kwa usiku mmoja, sanduku lake litajaa fotokopi za juzuu ambazo bado ziko mbele ya macho yako. Hizo ndizo GB zangu 9.

Kwa nini karani hatambui kwamba kitu kimehamishwa tu? Hapa pana jambo ambalo hata wanafunzi wenzangu wa informatiki hawalijui. Windows hugawa diski katika klasta, na diski ya kawaida ikifomatiwa bila kuchagua chochote, klasta moja huwa kilobaiti 4. Karani wa nakala kivuli yeye anatazama diski kwa vipande vya kilobaiti 16, yaani klasta nne kwa pamoja. Programu inapohamisha klasta mojamoja, yeye huona sehemu ya kipande chake imebadilika, na kwake huo ni uandishi mpya. Microsoft wenyewe wanashauri kwamba diski yenye nakala kivuli ambayo itapangwa upya mara kwa mara ifomatiwe kwa klasta za kilobaiti 16 au zaidi. Hapo anaweza kutambua uhamisho kuwa ni uhamisho. Ubaya wake, ukubwa wa klasta huchaguliwa wakati wa kufomati, na kufomati kunafuta kila kitu. Tena klasta ikizidi kilobaiti 4, huwezi tena kutumia ule ubanaji wa mafaili wa Windows.

Programu ya kupanga inayokuja na Vista yenyewe ina adabu zaidi. Inajua karani yupo, kwa hiyo hupunguza kuhamisha. Pia haishughuliki na vipande vikubwa kuliko MB 64, kwa kuwa kuviunganisha hakuleti faida unayoweza kuiona. Ndiyo maana haikupi ile ramani safi ya kupendeza, na ndiyo maana watu wanaikimbia kutafuta nyingine. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipenda rangi.

Kwa hiyo ukitaka kupanga upya diski ngumu ya Windows, tumia kwanza iliyomo ndani. Katika Vista na Windows 7 imewekewa ratiba ya Jumatano saa 7 usiku, na wengi wetu huwa tumezima kompyuta saa hizo, basi ibadilishie saa. Kabla ya kuanza, mwaga pipa la taka na ufute mafaili ya muda, ili usipange takataka. Nakili vitu muhimu kwenye diski ya nje. Ukiona nafasi imepungua, uliza ile amri kabla hujauliza mtu. Ukikuta nakala kivuli zimekula, ziwekee kikomo. Kwenye Vista ni kwa amri ya vssadmin resize shadowstorage, kwenye Windows 7 kuna kitelezi katika ukurasa wa ulinzi wa mfumo. Elewa lakini kwamba kikomo kikifikiwa, nakala za zamani zaidi hufutwa kimyakimya ili za karibuni zipate mahali. Na wenye kompyuta mpya zenye SSD, au mnaotaka kupanga flashi: acheni. Humo hamna kichwa kinachotembea, kwa hiyo hupati kasi, na kila kuandika kunapunguza umri wa chombo.

Haya yote nayajua leo. Jumapili ile nilijua nusu tu. Nilijua nafasi imekaliwa na nani, sikujiuliza anafanya kazi gani. Nikafuta nakala kivuli zote kwa mara moja. Nafasi ikapanda karibu GB 18, nikajipongeza, nikatoka kwenda Buyenzi kumtafuta ndugu yetu nyumbani kwao. Nilimweleza yote, karani na fotokopi zake. Alicheka, akasema amesamehe. Mama yake akatuletea chai.

Jumatatu mweka hazina alikuja ofisini na uso uliokauka. Faili la michango ya futari, lenye majina na kiasi cha kila mmoja kwa wiki tatu, alikuwa ameliandikia juu kwa bahati mbaya Jumamosi. Alifungua la mwaka uliopita, akalihifadhi kwa jina la mwaka huu. Alikuwa amesikia kwamba kompyuta hukumbuka matoleo ya awali ya faili. Ni kweli. Vista ya biashara ina ukurasa huo: unabonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua toleo la siku unayoitaka. Na matoleo hayo hutolewa kwenye nakala kivuli. Kikomo kilikuwa GB 22 na zilitumika 12, kwa hiyo hakuna iliyokuwa imesukumwa nje. Nakala ya Ijumaa au ya siku moja kabla yake ilikuwa humo hadi Jumapili alasiri, nilipoifuta kwa mkono wangu.

Tulifungua ule ukurasa pamoja. Ulikuwa mtupu.

Fedha zenyewe zilikuwa salama kwenye sanduku, lakini zilikuwa za watu, na ilibidi ijulikane nani katoa nini, maana wapo waliotoa kwa niaba ya wazazi wao na wapo waliotoa nadhiri. Kilichobaki kilikuwa vishina vya vitabu vya risiti, vingine vimeandikwa kwa penseli. Tulikaa usiku mbili baada ya Isha. Ndugu yetu wa mwaka wa kwanza ndiye aliyekuwa akisoma majina, kwa kuwa macho yake yanaweza mwandiko wa mweka hazina, na mimi nilikuwa nachapa. Kila ukurasa ulipojaa alinisubiri nihifadhi, kisha nihifadhi tena kwenye flashi yake, ndipo ageuze kishina kingine.